Sisimizi wa Mkojo Wangu

Kama unasoma haya huku umebana mapaja, nenda kwanza ukakojoe. Nitakungoja. Ninayemwandikia ni wewe, uliyetoka nje jana usiku hadi mbwa wa jirani wakachoka kukubwekea, na asubuhi mdomo wako ukawa mkavu kama ndani ya gunia la chumvi. Wengine wakisoma wakacheka, wacheke tu. Mimi mwenyewe nilicheka sana mwanzoni.

Naitwa Rajabu. Nyumba yetu iko Rumonge, mtaa wa Waswahili, karibu na uwanja wa kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mgeni hutupata kwa pua kabla ya macho. Baba yangu, Mzee Kasimu, anauza chumvi na mafuta ya mawese. Babu yake alivuka ziwa kutoka Umanyema. Mama ni Murundi wa milimani, alisilimu alipoolewa. Mama yake, yaani Bibi, hakusilimu na hakubadilisha chochote, hata kiko chake. Mimi nasoma chuoni kwa Mwalimu Idrisa: asubuhi Kurani, alasiri herufi za Kizungu, kwa sababu Wadachi wa boma la Usumbura wanataka watu wa kuwaandikia.

Chuoni kazi niliyoiweza ilikuwa moja: kuchekesha. Nilimuiga askari wa boma anavyotembea na viatu vilivyombana. Nilimuiga Mwalimu anavyopiga chafya, na baadaye akipiga chafya kweli watu walinitazama mimi. Likumbuke hilo, maana ndilo lililotaka kuniua. Mtaniaji akisema "naumwa," watu hungoja mwisho wa kichekesho.

Ilianza Ramadhani, kiangazi kikali, vumbi limepanda hadi kwenye nyusi. Kila mtu alikuwa na kiu, kwa hiyo yangu haikuonekana. Lakini yangu haikuwa kiu ya funga. Ilikuwa kama mtu amewasha moto kooni mwangu akaenda zake. Nikilitazama ziwa, ziwa letu lote hilo, nilikuwa naona bakuli. Mchana mmoja nikajitia kuoga, nikazama, nikanywa chini kwa chini kama samaki asiye na dini. Kuibuka, rafiki yangu Feruzi amekaa juu ya jiwe ananitazama.

"We Rajabu, unaoga ao unakunywa?"

"Naoga."

"Mbona koo inatembea?"

Feruzi hakumwambia mtu. Hakukuwa na haja, kwa maana yale maji yalitoka yenyewe kunisengenya. Chuoni niliomba ruhusa, nikatoka, nikarudi, na kabla sijakunja miguu nikaomba tena.

"Rajabu," Mwalimu akauliza, "hayo maji unayotoa umeyapata wapi, nawe umefunga?"

Chuo kizima kikaangua kicheko. Nikawainamia kulia na kushoto kama mcheza ngoma aliyetuzwa. Nikachapwa. Baada ya kuchapwa nikaomba ruhusa ya kwenda kukojoa, na hilo nalo wakalicheka.

Idi ilipofika nikajiona nimeokoka. Nilikula maandazi, nikala halua, nikala ndizi mbivu zilizopikwa kwa asali, nikamaliza sahani yangu na ya Feruzi, na bado tumbo liliuliza kama kuna kingine. Mama alifurahi kuona nakula. Lakini kanzu yangu mpya, iliyopimwa mwanzo wa mfungo, ilinining'inia kama imeanikwa juu ya mti.

Baba akanizunguka. "Fundi ametuibia kitambaa," akasema, "ao mutoto wangu ndiye ameibiwa?"

Watu wakacheka. Nami nikaivuta kanzu upande, nikajifanya nyangumi aliyekonda, mnyama ambaye sijawahi kumwona.

Sisimizi walikuja baada ya Idi. Mimi na Feruzi tulikuwa na desturi ya kukojoa pamoja nyuma ya nyumba, penye migomba, tushindane nani atafika mbali. Jioni moja Feruzi akanishika bega.

"Tazama. Kwako wanakuja. Kwangu hawaji."

Kweli. Walitoka chini ya jani la mgomba wakiwa mstari mmoja, wakapita dimbwi la Feruzi kama wapitavyo matajiri mlangoni kwa masikini, wakajaa kwangu.

"Iko na muzinga wa nyuki tumboni mwako," Feruzi akasema.

Kufika alasiri ya kesho yake jina langu chuoni lilikuwa Mukojo wa Asali. Sikuchukia. Jina zuri ni jina zuri.

Aliyekataa kucheka ni Mama. Aliwaona alipokuwa anafagia, akaufuata mstari wao hadi nyuma ya ukuta, akachuchumaa. Nilikuwa dirishani. Nilimwona anaweka kidole ardhini, kisha anakipeleka mdomoni. Mama yangu aliuonja mkojo wangu. Sijawahi kufanya utani juu ya hilo, na leo sianzi.

Hapo dawa zikaanza, nami nataka uzisikilize, kwa kuwa nawe utapewa.

Baba alinipeleka kwa Mwalimu, anifanyie kombe. Ukiwa hulijui, ni hivi: aya huandikwa kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akayanywa. Mwalimu aliongeza asali, tena si haba, kwa sababu asali imetajwa kuwa ni shifaa. Nikanywa. Ilikuwa dawa tamu kuliko zote nilizopata kuzionja, nikalamba na sahani. Nikawa nakunywa asubuhi na magharibi, mvua za kwanza zikaanguka, nami bado nalamba.

Bibi akateremka mlimani na kiko chake na kifurushi cha mubirizi. Mubirizi ni majani machungu hata masikio yanakunjamana. Aliyatwanga, akayakamua, akanishika pua. Nilipomeza, machozi yakanitoka, na Bibi akasema, "Yoo, mwana wanje, pole," akafungua kibuyu cha mutobe, maji ya ndizi mbivu yasiyochacha, akaniacha ninywe hadi uchungu wote ukafutika.

Baba alipoyaona majani akakunja uso. "Mama mukwe, haya ni majani ya mbuzi."

"Na wewe unamunywesha maandishi," Bibi akamjibu. "Tangu lini mutoto akasoma kwa tumbo?"

Walikuwa wanagombana hivyo kila siku, Mama katikati, mkono mmoja ameshika sahani ya mumewe na mwingine kibuyu cha mama yake. Kwetu pande mbili za ukoo hazikubaliani juu ya Mungu, wala juu ya chakula, wala juu ya namna ya kuzika mtu. Zinakubaliana jambo moja tu: mgonjwa hapewi maji matupu. Maji matupu ni ya punda na ya mfungwa. Mgonjwa hupewa kitu chenye mkono wa mtu ndani yake, uji wa asali, mutobe, maji ya miwa. Wala haachwi na uchungu mdomoni, kwa maana akifa na uchungu mdomoni, mlimuaga vibaya.

Basi nilikuwa na kiu ya ajabu, na kila nilipolia kiu, watu wote walionipenda walinipa tamu. Hata fundi wa kuumika aliyetoka Minago, aliyenibandika pembe mgongoni na kunyonya damu yangu, akasema ni nzito, alipomaliza alinikatia kipande cha muwa ninyonye nipate nguvu. Majirani walikuja kunitazama, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Mama Sikitu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alileta mutobe kila alipopita, na alikuwa akipita sana.

Mvua zikakolea. Mwili wangu ukawa unaondoka bila kuniaga. Mbavu zilitoka moja moja kutazama nje. Ngozi ya miguu ikawa kama magamba ya samaki mukeke aliyekaa juani. Jipu liliota kwenye goti, likapasuka, likakataa kufunga. Nyayo zilikuwa zinanichoma kama nimekanyaga upupu. Kisha macho. Nilikuwa ubaoni nasoma, na herufi za Kizungu zikaanza kuogelea. Nikasema, "Mwalimu, hizi zimekwenda kuvua," watu wakacheka, nami nikatoa mkono nishike ukuta usije ukaenda nazo.

Halafu ukaja usingizi. Nililala nikila. Nililala nikiwa nimesimama. Siku moja nililala katikati ya kichekesho changu mwenyewe, na hapo ndipo Feruzi alipoacha kucheka. Alinibeba mgongoni hadi nyumbani, na njiani akasema, "Rajabu, umekuwa mwepesi kama kikapu."

Usingizi ndio ulioileta hofu ndani ya nyumba. Maana pwani yetu yote, kutoka Gitaza hadi Nyanza, ilikuwa inaogopa jina moja: malale. Vijiji vizima vilihamishwa kwa ajili yake. Daktari wa Kidachi alikuwa na watu wake tuliowaita washika shingo; walipita nyumba kwa nyumba wakipapasa watu chini ya masikio, na waliyemkuta na tezi zilizovimba walimpeleka kambini kuchomwa sindano. Wengine walirudi wazima. Wengine walirudi vipofu. Wengine, iliyorudi ni mikeka yao tu.

Mama Sikitu ndiye aliyelitamka, akiwa na mutobe wake mkononi. "Mutoto analala hivi mchana? Jama, si malale hii?"

Baba akafunga mlango. Tangu siku hiyo kwetu tukaacha kusema kwa sauti. Bibi akataka kunipandisha mlimani kwake. Baba akakataa, akisema akinipeleka huko nitazikwa na ng'ombe. Bibi akasema afadhali ng'ombe, wanajua njia ya kurudi nyumbani. Mama akavunja chungu kwa makusudi. Wote wawili wakainama kuokota vigae.

Washika shingo walipofika mtaani, Baba alinificha bandani, nyuma ya magunia ya ndagala, akanifunika kwa nyavu kuukuu. "Usikohoe," akaninong'oneza. "Usicheke. Kwa jina la Mungu, Rajabu, leo usicheke."

Sikucheka. Lakini mtu wa ugonjwa wangu hafichiki. Nilibana. Nikasoma dua zote ninazozijua, na hizo si nyingi. Mwishowe nikatambaa chini ya nyavu, nikatoka kwa nyuma penye migomba, nikainua kanzu, na raha ilipoanza kunishika nikasikia mtu anajikohoza kando yangu. Alikuwa mtu mzima wa kofia nyekundu, amefungua suruali kwa shughuli hiyohiyo. Mshika shingo.

Tukakojoa bega kwa bega, kila mmoja akitazama mbele kwa adabu.

"Amahoro," akasema.

"Amahoro," nikajibu.

"Unanuka samaki."

"Ndiyo kazi yangu. Mimi ni ndagala."

Akacheka, na mkono wake ukawa umeshafika shingoni kwangu. Alinipapasa kushoto, akanipapasa kulia, akarudia. Vidole vyake vilikuwa vya taratibu kama vya mtu anayechagua embe. Kisha akatazama chini. Sisimizi walikuwa wameshatoka. Wakalipita dimbwi lake, wakaja kwangu. Yule mtu, aliyeitwa Almasi, mzaliwa wa pwani ya mbali huko Tanga, akasimama pale na suruali yake wazi, akisahau kuifunga.

"Huyu hana malale," alimwambia Baba, aliyekuja mbio akiwa amebadilika rangi. "Tezi hakuna. Lakini mpelekeni kwa daktari hata hivyo. Huyu ana kitu kingine."

"Kambini?" Baba akasema. "Kule watu wanakwenda kwa miguu na kurudi kwa habari."

"Mimi simchukui kwa nguvu, mzee. Nakwambia tu."

Alipoondoka, ugomvi ukafumuka. Baba akasema tungojee kombe jipya lifanye kazi. Bibi akasema mubirizi haujafika mifupani. Mama hakuingia katika maneno yao. Alikwenda kwenye kigogo cha kuoshea vyombo, akanawa mikono, akajifunga kanga ya pili.

"Nimeonja," akasema. "Nyinyi mnasema, mimi nimeonja. Namupeleka."

"Akifia huko?" Baba akauliza.

"Atakuwa amefia mahali nilipokuwa nikimutafutia."

Asubuhi tukapakiwa mtumbwi wa wavuvi kwenda kusini. Mama alibeba kibuyu cha asali, cha kunipa nguvu njiani. Nilikunywa nusu yake. Tulipofika kambini nilikuwa natapika, napumua kwa kina kama niliyekimbia, na pumzi yangu ilinuka ndizi zilizoanza kuoza. Siku hizo mbaya kuliko zote nazikumbuka vipande vipande tu: paa la nyasi, mkono wa Mama, mtu ananinywesha maji yenye chumvi kidogo, maji, maji tena. Matupu. Nikadhani nimekuwa mfungwa.

Nilipozinduka nikajikuta kwenye kibanda cha kungojea. Kila mtu kambini anangoja. Wagonjwa wa malale walikuwa wamelala pembeni ya ukuta kama mizigo isiyo na mwenyewe. Mmoja alikuwa na kijiko mkononi, amelala kabla hakijafika mdomoni, na mkewe akikisukuma taratibu. Kando yangu alikaa mama mmoja kutoka Nyanza, ambaye sindano zilimponya usingizi zikamchukua macho. Alikuwa na chungu cha maji. Aliposikia ninavyokunywa akanisogezea.

"Kunywa, mutoto. Mimi sikioni hata kinapopungua."

Nikacheka. Yeye naye akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza ambacho sikukifanyia kazi. Kila nilipotoka kukojoa aliniuliza, "Umerudi?" nami nikamjibu, "Nimerudi nusu." Asubuhi moja nikarudi nikakuta chungu kipo, mwenyewe hayupo, na mkeka umekunjwa. Sikumwuliza mtu.

Daktari alikuwa mrefu, mwekundu, na macho ya mtu asiyelala, jambo la kuchekesha katika kambi ile. Alichukua mkojo wangu ndani ya kichupa, akatia maji ya buluu, akauchemsha juu ya taa ndogo. Mimi na Mama tukatazama. Buluu ikaondoka. Ikaja rangi ya tofali. Daktari akakishika kichupa juu kwenye mwanga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sukari," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Sukari nyingi. Dawa hakuna. Ulaya, hakuna. Hapa, hakuna."

Kisha akasema vya kuacha: asali, muwa, ndizi, mutobe, mihogo, bugali. Na vya kula: samaki, nyama, mayai, majani. Na maji.

"Maji na nini?" Mama akauliza.

"Maji."

"Maji matupu?"

"Matupu."

Mama akauliza lile ambalo mimi nilikuwa nalizunguka kwa utani tangu Ramadhani. "Ataishi?"

Daktari akaanza kufuta kichupa kwa kitambaa. "Mtu mzima, na ugonjwa huu, miaka mingi. Kijana..." Akaendelea kufuta, na kichupa kilikuwa kimeshatakata. "Kijana, si mingi. Akila vizuri, zaidi kidogo."

Almasi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akafungua mdomo ili atafsiri. Mama akainua mkono. Tulikuwa tumeelewa.

Tukarudi nyumbani mvua zikipungua. Katikati ya safari Mama akakitazama kile kibuyu cha asali miguuni pake. Akakizibua, akakigeuza juu ya ziwa. Asali haina haraka. Ilishuka kama uzi, polepole, hata wapiga kasia wakaacha kupiga. Mama alilia kimya wakati wote ikishuka. Mimi nikasema, "Sasa samaki nao watafuatwa na sisimizi." Akanipiga kofi, akanikumbatia, vyote kwa mkono uleule.

Watu hudhani kazi ngumu ni kuacha kula. Ni ngumu, sikudanganyi. Kuwa na njaa mbele ya bugali la moto ni jambo la kumtoa mtu machozi, na nilitoa. Lakini kazi ngumu zaidi ni kuwazuia wanaokupenda. Mama Sikitu alikuja na mutobe, akamkuta Mama mlangoni na kata ya maji.

"Mutoto anakunywa maji," Mama akasema.

"Maji na nini?"

"Maji."

Mama Sikitu akatazama ndani, akaitazama kata, akashusha sauti. "Mama Rajabu, kama nyumbani pamekauka, si ungesema? Sisi ni majirani."

Habari ikazunguka mtaa mzima kwamba Mzee Kasimu, muuza chumvi, anamnywesha mwanawe mgonjwa maji matupu kama punda. Baba hakwenda msikitini kwa muda. Alikaa uani anakata kucha zilizokwisha kukatika. Akasema kwamba mke wake amemfedhehesha, kwamba Mdachi mwenyewe amekiri hana dawa, sasa kwa nini tumsikilize? Hilo lilikuwa swali zuri.

Nikamwambia, "Baba, njoo nikuoneshe kitu." Nikampeleka nyuma ya nyumba. Tangu turudi nilikuwa nimekula ndagala na majani ya lengalenga tu. Nikakojoa mbele ya baba yangu mzazi, jambo ambalo silipendekezi kwa mwana mwenye adabu. Tukachuchumaa wawili tukangoja. Walikuja sisimizi wachache, kama wageni wa msiba wa mtu asiyejulikana.

"Zamani walikuwa jeshi," nikasema.

Baba akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akaondoka. Alikwenda kwa Mwalimu Idrisa, nami nikamfuata kwa mbali. Nilimsikia anauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba mkopo, kama kombe likioshwa kwa maji ya ziwa peke yake, bila asali, aya zitapungua nguvu.

Mwalimu akavua miwani. "Mzee Kasimu, aya haihitaji kutiwa utamu. Asali niliitia kwa ajili ya mutoto."

Akaandika, akaosha kwa maji. Nikanywa. Haikuwa na ladha ila ya zafarani kidogo na ya sahani. Na Bibi, aliposhuka na mubirizi wake, Mama alimngojea njiani akampokonya mutobe. Bibi alimeza moshi wa kiko, akanishika pua, akaninywesha, kisha akakaa akanitazama nikihangaika na ule uchungu bila chochote cha kuufuta. Mikono yake ilikuwa inatafuta kibuyu ambacho hakikuwepo.

"Namuacha hivi?" akauliza. "Na mudomo muchungu?"

"Muache hivyo," Baba akasema. Ilikuwa mara ya kwanza Bibi kumkubalia. Bibi akanifuta midomo kwa kanga yake, tena na tena, kama uchungu ni kitu kilichokaa nje.

Utaniuliza ni kipi kilichonisaidia, kombe, mubirizi, au ndagala za daktari. Sijui. Vyote nimeendelea navyo, na sitaki ugomvi na upande wowote. Ninachokijua ni kwamba viliacha kuniua vilipoacha kuja na utamu. Ukipewa majani, yanywe ukitaka. Ukisomewa, itikia amina. Lakini tazama kinachofuata nyuma ya dawa, kile kikombe cha pole. Kwangu mimi kifo kilikuwa kinaingia kwa mlango wa pole. Na anayekuambia uache kula samaki na majani kwa sababu dawa yake imeshakuponya, muoneshe sisimizi wako.

Goti lilifunga kiangazi kilipoanza, likaacha kovu jeusi. Nyama kidogo imerudi mashavuni. Herufi zimerudi kutoka kuvua, isipokuwa zile ndogo. Chuoni Mwalimu amenipa nafasi ya mlangoni, nitoke bila kuomba ruhusa, na Feruzi amejihamishia hapo akidai kwamba kuna upepo. Hapendi upepo. Mama bado hunifuata kwa macho ninapotoka, na anapodhani silioni hilo, huhesabu kwa vidole, anachokihesabu sikiulizi.

Ramadhani imepita tena. Sikufunga, Mwalimu alikataza. Siku ya Idi nyumba ilijaa watu, Mama Sikitu akiwa mbele, na sahani ya halua ikapita mkono kwa mkono hadi ikasimama mbele yangu. Macho yote yakanigeukia. Niliinusa, nakiri. Nikawa natafuta kichekesho cha kusema, nikakikosa.

Baba akanyoosha mkono akaiondoa. Akamimina maji katika vikombe viwili, akanipa kimoja, akainua kingine mbele ya wageni wake wote.

"Kwetu," akasema, "mwaka huu tunakunywa maji."

Akanywa hadi chini. Mama Sikitu akatazama mutobe aliouleta, akauweka nyuma ya mlango.

Leo asubuhi nimekwenda nyuma ya migomba kama kila asubuhi, nikakojoa, nikachuchumaa. Sikuona kitu. Nikakaribia kumwita Mama. Kisha akatoka mmoja chini ya jani. Akazunguka ukingo wa dimbwi, akaweka kichwa chake, akaonja. Akasimama kidogo kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Halafu akageuka akarudi alikotoka.

Sijui kama alikuwa amekata tamaa, au alikuwa anakwenda kuwaita wenzake. Nimekaa hapahapa na kata yangu ya maji.